Kukosa, Kukosea, Kukosana

Mvua za mwezi wa Machi zilitoboa bati la chumba ninachowekea makaratasi yangu, hapa Mwanga, ikanibidi nihamishe sanduku ambalo sikulifungua tangu nilipostaafu ualimu. Ndani yake, baina ya maandalio ya masomo na kadi za harusi za watu ambao wameshaachana, nilikuta daftari la mazoezi lenye mwandiko wangu: namba kuanzia 1 hadi 29, na mbele ya kila namba herufi na tarakimu. Lilikuwa daftari la mchezo wangu wa mwisho katika mashindano ya sataranji niliyocheza miaka 11 iliyopita. Mchezo huo nilishindwa. Kushindwa kwenyewe nilikuwa nako maelezo kamili, na nimeyasimulia mara nyingi kiasi kwamba sikuona haja ya kusoma chochote. Nililifungua daftari kwa sababu lilikuwa limelowa nami nilitaka kulianika.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu niseme machache. Katika drafti tunayocheza kwa vizibo vya soda, na katika bao lenye kete zake 64, hakuna anayeandika. Kumbukumbu ya mchezo imo vichwani mwa watazamaji, na ubishi ukizuka wao ndio mahakama. Sataranji ya mashindano haiko hivyo. Ubao una nyumba 64, kila nyumba ina jina lake kuanzia a1 hadi h8, na sheria inamtaka kila mchezaji aandike kila hatua, yake na ya mwenzake, kadiri mchezo unavyokwenda. Hivyo wachezaji wawili huondoka na nakala mbili za ukweli mmoja. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kuubeba ukweli huo begani hadi nyumbani, akaufungia sandukuni, kisha akaishi kwa uongo.

Mpinzani wangu siku ile alikuwa rafiki yangu wa miaka mingi, fundi cherehani wa Ujiji. Suruali zangu zote za kazi alizishona yeye, na sare za wanangu wote. Sataranji tulijifunza pamoja, kwa seti moja ambayo ngome yake moja ilipotea tukaweka kizibo cha chupa ya dawa mahali pake. Mashindano yalikuwa madogo, watu 16, siku mbili, katika ukumbi wa shule. Ikatokea kwamba mchezo wa mwisho ni mimi na yeye.

Tukiwa katika hatua ya 23 umeme ulikatika. Giza lilikuwa giza hasa, lile la usiku usio na mbalamwezi, ambalo wavuvi wa dagaa hulipenda maana ndipo taa zao hufanya kazi. Saa za mchezo zikasimamishwa. Baada ya robo saa hivi mtu akaja na karabai ya kuazima, ikatundikwa, tukaendelea. Katika hatua ya 26 farasi wake akaruka kutoka f5 hadi e7, akamshika kwa pamoja mfalme wangu aliyekuwa g8 na ngome yangu iliyokuwa c8. Mfalme hana budi kukimbia, kwa hiyo ngome ikaliwa. Hatua tatu baadaye nikampa mkono.

Hadi hapo nilikuwa muungwana. Nje, penye birika la kahawa, mmoja wa vijana akaniuliza, "Mwalimu, imekuwaje?" Nikajibu hivi, na maneno haya nayakumbuka kuliko hatua yoyote ya mchezo: "Taa zilipozimika farasi wake alikuwa d4. Karabai ilipokuja alikuwa f5. Mimi sisemi neno."

Msomaji anaijua kazi ya "mimi sisemi neno". Kwetu hayo ndiyo maneno ya mtu aliyekwisha sema yote. Haikupita wiki mbili, fundi akawa na jina jipya, Farasi wa Giza. Nilipolisikia kwa mara ya kwanza nilicheka. Yeye hakuja kuniuliza. Akaacha tu kupita kwangu siku za Jumapili, nami nikahesabu ukimya wake kuwa ni ushahidi, maana asiye na hatia, nilijiambia, angekuja kujitetea.

Sasa soma nilichokisoma. Hatua ya 18, kwa mkono wangu: farasi wake yuko d4. Hatua ya 19, kwa mkono wangu, kwa wino uleule wa buluu: farasi anakwenda f5. Taa zilizimika hatua ya 23. Kwa hiyo farasi alikuwa ameshakaa f5 tangu hatua ya 19, mchana kweupe kama wasemavyo, na aliyeyaandika hayo ni mimi. Mkono uliandika kama karani anavyonakili barua ya bosi asiyempenda. Akili haikusoma.

Nilikaa na daftari lile siku nzima. Nilijaribu kwanza kulitetea lile nililolisimulia: labda niliandika vibaya, labda hatua ya 19 niliiandika baadaye. Lakini kutoka d4 farasi hawezi kufika e7 kwa ruko moja, wala hakuna hatua nyingine ya farasi katika daftari lote baina ya 19 na 26. Kesi ilikuwa imekwisha. Ndipo nikapanga kete mezani, nikaanza kufanya jambo ambalo wachezaji wazuri hufanya usiku uleule wa kushindwa, nami nilichelewa kwa miaka 11: kuupitia mchezo hatua kwa hatua na kuuliza ni wapi hasa nilikosea.

Kosa halikuwa nilipodhani. Katika hatua ya 12 malkia wangu alikula askari wake wa b2 na katika hatua ya 14 akala wa a2. Askari wawili wa bure! Pembeni mwa hatua ya 14 nilikuwa nimechora alama ndogo ya vema, kama niwekavyo kwenye hesabu ya mwanafunzi. Tangu hapo malkia wangu alikuwa pembeni kabisa mwa ubao, na macho yangu yalikuwa naye, nikihangaika jinsi ya kumrudisha. Farasi aliposogea f5 sikumwona kwa kuwa nilikuwa nahesabu mali. Kisha hatua ya 25 nikabadilishana askofu wangu, aliyekuwa mlinzi pekee wa e7, nikiamini farasi bado yuko mbali. Kijana wa jirani alinishauri tuuingize mchezo katika programu ya simu yake. Haikuchukua dakika moja. Mashine ikaweka alama nyekundu kwenye hatua ya 14 na nyingine kwenye ya 25. Hatua ya 12 iliiachia, ikasema haina neno. Nilishukuru, lakini niliona pia mpaka wa elimu yake. Ilijua hatua ya 14 ni mbaya. Haikujua kwamba niliipenda, wala kwamba nilichora vema. Na ile hatua yangu mbaya kuliko zote, niliyoicheza nje penye birika la kahawa, haikuwemo katika daftari.

Lugha yetu inatumia neno moja, kosa, kwa mtoto aliyekosea hesabu na kwa mshitakiwa aliye kizimbani. Zamani nilipokuwa nafundisha niliona huo ni upungufu. Siku hizi naona ni busara, maana kitenzi chenyewe kinatuonyesha njia. Nilikosa, yaani farasi alikuwepo nami sikumwona. Nikakosea, yaani nikacheza vibaya. Tukakosana. Mtu hatoki kwenye la kwanza hadi la tatu kwa ruko moja. Kuna mahali katikati alipoweza kusimama.

Swali linalonisumbua ni hili. Pale penye kahawa sikusema uongo. Niliamini kwa moyo wote kwamba farasi alikuwa d4. Je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa jambo aliloliamini kwa dhati? Wengi tunajibu upesi kwamba hapana, na hata mahakama humtazama kwa jicho la huruma mtu aliyetenda kwa nia njema. Lakini mwanahisabati mmoja Mwingereza, William Clifford, katika insha aliyoitoa mwaka 1877, aliulizia jambo hilihili kwa mfano ambao sisi wa kandokando ya ziwa hatuhitaji kuelezwa. Yupo mwenye meli. Meli imezeeka, imetengenezwa mara nyingi, na watu wamemdokezea kwamba pengine haifai tena kusafiri. Shaka inamsumbua. Anajiambia kwamba imekwenda safari nyingi ikarudi, kwamba Mungu hataziacha familia zile zote, kwamba si uungwana kuushuku uaminifu wa mafundi na wakandarasi. Mwisho anaamini kwa dhati kabisa kwamba meli ni salama. Inaondoka, inazama, yeye analipwa bima. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, na udhati wake haumsaidii, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza jambo zito zaidi: hata meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata kidogo. Clifford alijua anachokisema, maana yeye mwenyewe alinusurika meli ilipozama pwani ya Sicily mwaka 1870. Mtu aliyewahi kusimama Kibirizi akitazama boti la mbao likijazwa abiria na magunia hadi maji yakaribie ukingo, na nahodha akisema "litafika tu", atamwelewa upesi.

Mimi nilikuwa na ushahidi mkobani. Sikuhitaji kuwapigia simu mafundi. Kilichohitajika ni kufungua ukurasa mmoja kabla ya kufungua mdomo. Sikuufungua, na nikijihoji vizuri, sikuufungua kwa sababu sehemu fulani ya nafsi yangu ilihofia utasema nini. Huo udhati wangu ulikuwa wa mtu aliyefumba macho kisha akala kiapo kwamba hakuona.

Rafiki mmoja niliyemsomea haya alinionya nisijionee. Aliniambia si haki kumhukumu mtu wa jana kwa macho ya leo, na katika hilo ana hoja. Hatua ya 14 simlaumu aliyeicheza. Saa ilikuwa inakwenda, askari alikuwa pale, naye alifikiri kwa kadiri ya akili yake. Ya 25 ni uzembe, na uzembe hutibika kwa mazoezi. Lakini yule aliyesimama penye kahawa hakuwa na saa inayomkimbiza. Alikuwa na usiku mzima, na baada ya hapo alikuwa na miaka 11. Kila aliposikia lile jina na kunyamaza, aliicheza tena hatua ileile.

Seneca, Mrumi wa karne ya kwanza, anasimulia kwamba kila usiku, taa ikishaondolewa na mkewe akishanyamaza, aliipitia siku yake yote bila kujificha chochote, kisha akajiambia asirudie tena, na kwamba kwa sasa anajisamehe. Nimelipenda zoezi hilo, ila lina kasoro ambayo wahenga wetu waliiona: mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Seneca ni mshitakiwa, ni shahidi, ni jaji, na msamaha pia anautoa yeye. Majirani zangu Waislamu wanalo zoezi linalofanana na hilo, muhasaba, kuihesabu nafsi, ambalo mwanachuoni mmoja wa Baghdad aliyefariki mwaka 857 alizama ndani yake hata akaitwa al-Muhasibi. Lakini wao wanaongeza sharti lisilo na njia ya mkato: kama kosa limegusa haki ya mtu, toba ya peke yako chumbani haitoshi, ni lazima umfuate mwenye haki.

Ajabu, mchezaji mkubwa wa sataranji alifika karibu na hapo kwa njia nyingine kabisa. Mikhail Botvinnik wa Urusi, bingwa wa dunia tangu mwaka 1948 na, kwa kupokonywa na kurudisha, hadi 1963, alikuwa kwa taaluma mhandisi wa umeme. Inasimuliwa kwamba alicheza michezo ya mazoezi huku mwenzake akimpulizia moshi wa sigara usoni, ili siku ya mashindano moshi usije ukawa kisingizio. (Ningepaswa kufanya mazoezi gizani.) Huyu aliwafundisha vijana wake kuchambua michezo yao wenyewe, hasa waliyoshindwa, na kisha kuuchapisha uchambuzi huo. Kwa nini kuchapisha? Kwa sababu mtu akijichambua peke yake hujipendelea bila kujua, lakini akijua kwamba wengine watasoma na kumkosoa, hujitazama vizuri zaidi, na pale atakapojidanganya hao wengine watamshika.

Basi Jumamosi moja nikapanda daladala kwenda Ujiji, daftari likiwa limekauka na kujikunja kama samaki wa kuanikwa.

Nilimkuta barazani kwake, chini ya mwembe, nyuma ya cherehani ileile. Amezeeka. Nadhani naye aliniona vivyo hivyo. Tukasalimiana, akamwita mkewe, "Mama, Mwalimu amekuja," kama vile nilikuja juzi. Nikamwonyesha hatua ya 19. Akavaa miwani, akasoma, akageuza kurasa taratibu hadi mwisho, akarudi tena mwanzo. Nikasema niliyokwenda kuyasema. Sikutaja giza, sikutaja saa wala uchovu.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria katika uchambuzi wangu wote. "Mwalimu, mimi ni fundi. Mtu akiniletea mita tatu za kitambaa, haniwekei mlinzi. Sasa siku moja mama mmoja ananiletea kitenge, ananiuliza, fundi, na hiki hakitapungua gizani? Alikuwa anatania. Akaja mwingine, naye akatania. Baadaye wakaacha kutania, wakaacha na kuja." Akaonyesha kwa kidole upande wa pili wa barabara, penye kibanda cha fundi mwingine. "Yule nilimfundisha mimi."

Nikamwambia sijui niseme nini. Akajibu, "Mimi umeshaniambia. Kwangu yamekwisha, Mungu ndiye shahidi. Lakini ulisema wapi? Kasemee palepale."

Palepale hapapo. Birika la kahawa lilihamishwa zamani, muuzaji amefariki, na kati ya waliokuwepo usiku ule sijui wangapi bado wako mjini. Nilikwenda kwenye baraza nyingine, ambako jina la Farasi wa Giza linajulikana vizuri, nikaomba nafasi, nikaeleza. Vijana walisikiliza kwa adabu. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba jina lile lilitokana na mchezo. Mmoja alidhani fundi aliwahi kufuga farasi. Mwingine alidhani ni mambo ya uchawi. Nikaanza kuwaeleza d4 na f5, wakaniangalia kwa huruma. Nilipomaliza, mzee mmoja akasema, "Umefanya vyema, mwanangu, ila jina ni jina." Jioni ileile nilimsikia mtoto akilitamka akipita na baiskeli.

Ndiyo sababu nimeliandika hapa, katika kitabu ambacho nimelipia uchapaji wake mwenyewe na ambacho kitasomwa na watu wachache. Farasi alikuwa f5 tangu hatua ya 19. Anayemjua fundi huyo na awaambie wengine.

Naye ameanza tena kuja Jumapili, si kila moja. Mara ya kwanza alileta daftari lake, maana naye alilitunza, tukapanga kete na kulinganisha. Nilimsifia hatua ya 19, nikamwambia ilikuwa hatua ya mtu aliyeona mbali. Akacheka hadi akavua miwani. "Kuona mbali wapi? Pale d4 nilihofia utamla. Nilikuwa namkimbiza tu." Ile e7 aliiona mimi nilipomwondoa askofu, si kabla. Tena anasema hatua yangu ya 14 haikuwa mbaya kama ninavyodai, na kwamba katika hatua ya 21 malkia wangu alikuwa bado na njia ya kurudi d5. Nilimwambia mashine imekataa. Akasema mashine haikuwepo. Tumeipanga hatua hiyo ya 21 mara nne sasa, na bado hatujakubaliana.